Rais aliyechoshwa na Ikulu baada ya kumzika mwanawe

Mchana wa Agosti 2, 1927, waandishi wa habari walikusanyika katika shule moja ya sekondari mjini Rapid City, jimbo la South Dakota, Marekani. Rais wa nchi hiyo, Calvin Coolidge, alikuwa mapumzikoni katika milima ya jirani na alikuwa ameifanya shule hiyo ofisi yake ya muda. Walipita mbele yake mmoja mmoja, na kila mmoja akakabidhiwa kipande cha karatasi chenye sentensi moja tu: “Sichagui kugombea urais mwaka 1928.”

Walipotaka maelezo, Rais hakuongeza neno.

Habari hiyo ilitikisa nchi. Uchumi ulikuwa mzuri, chama chake cha Republican kilikuwa bado kinamtaka, na Katiba ya Marekani wakati huo haikuwa imeweka ukomo wa mihula miwili. Watu waliichambua sentensi ile neno kwa neno. Hakusema hataki wala hakusema hawezi, alisema hachagui. Wapo walioamini anajibembelezesha, kwamba akiombwa sana atakubali.

Kwa msomaji wa ukurasa huu, pengine la kushangaza zaidi ni lililotokea nyumbani siku hiyohiyo. Seneta Arthur Capper wa Kansas, aliyekuwa mgeni wao, aligusia tangazo hilo mbele ya mke wa Rais, Grace Coolidge. Mama huyo alibaki ameduwaa. Hakuwa amedokezwa chochote. Waandishi wa habari walikuwa wamejua kabla yake kwamba mumewe hataki tena kazi ile, na walikuwa wameishi pamoja kama mume na mke kwa karibu miaka 22.

Ili kuelewa ilikuwaje mtu akaishiwa hamu ya cheo ambacho wenzake wanakitafuta kwa udi na uvumba, na akaificha hali hiyo hata kwa mkewe, ni lazima kurudi nyuma miaka mitatu, kwenye lengelenge la kidole cha mguu.

Coolidge alikuwa Makamu wa Rais wakati Rais Warren Harding alipofariki dunia ghafla Agosti 2, 1923. Alikuwa likizo kijijini kwao Plymouth Notch, jimbo la Vermont. Baba yake mzazi, John Coolidge, alikuwa na mamlaka ya kisheria ya kuapisha watu, hivyo saa 8:47 usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta, mzee akamwapisha mwanawe kuwa Rais. Baada ya hapo Rais mpya akarudi kulala.

Yeye na Grace walikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa alikuwa John na mdogo alikuwa Calvin, jina la baba. Wazazi hawakutaka Ikulu iwabadilishe watoto. Baba alipopata urais, Calvin mdogo alikuwa kibarua kwenye shamba la tumbaku, na aliendelea na kibarua chake. Inasimuliwa kwamba kijana mwenzake alimwambia kuwa kama baba yake yeye angekuwa Rais, asingefanya kazi ya shamba. Calvin akamjibu kwamba kama baba yako angekuwa baba yangu, ungeifanya.

Juni 30, 1924, ndugu hao wawili walicheza tenisi kwenye viwanja vya Ikulu. Calvin, aliyekuwa na umri wa miaka 16, alivaa viatu bila soksi. Kiatu kikamchubua, akatoka lengelenge kwenye kidole cha mguu. Ni jambo ambalo mzazi yeyote mwenye mtoto anayecheza mpira amewahi kuliona. Kijana hakulisema, na hakuna aliyemuuliza.

Siku mbili baadaye akaanza kuumwa. Homa ilipanda, mwili ukakosa nguvu. Madaktari wa Ikulu walipomchunguza waliona mistari myekundu ikipanda mguuni. Vipimo vya maabara vilionyesha bakteria aina ya Staphylococcus aureus, ambao watu wengi wazima wa afya wanao puani na kwenye ngozi bila kuwadhuru. Wanapopata mlango wa kuingilia, hata mchubuko mdogo, ndipo wanapoweza kuingia kwenye damu.

Julai 4, siku ambayo Coolidge alikuwa anatimiza miaka 52, alimwandikia baba yake barua kumweleza kuwa kijana ni mgonjwa sana. Kidole chenyewe, alieleza, kilionekana sawa, lakini sumu ilikuwa imeenea mwilini. Hapo ndipo wengi hudanganyika hadi leo. Kidonda kinaweza kuonekana kinaelekea kupona kwa nje huku mgonjwa akizidiwa kwa ndani.

Julai 5 Calvin alipelekwa hospitali ya jeshi ya Walter Reed na kufanyiwa upasuaji. Julai 7 usiku alifariki dunia. Tangu acheze tenisi hadi kukata roho ilikuwa wiki moja.

Kati ya siku hizo kuna tukio moja ambalo waliolisimulia hawakulisahau. Rais wa Marekani alionekana kwenye bustani ya Ikulu akimfukuza sungura. Mwanawe alikuwa anapenda wanyama. Alimkamata sungura yule, akampelekea mgonjwa kitandani ili ampe angalau tabasamu. Hakuwa na kingine cha kumpa. Alikuwa na jeshi, hazina ya taifa na madaktari bingwa, lakini dawa ya kuua bakteria ndani ya damu haikuwepo duniani. Mei mwaka huohuo Rais mwenyewe alipougua mafua, alikalishwa kwenye chumba kilichofungwa akivuta hewa yenye gesi ya klorini, kwa sababu ndiyo tiba mpya iliyokuwa inasifiwa. Hivyo ndivyo uwezo wa tiba ulivyokuwa, hata kwa mtu wa Ikulu.

Alexander Fleming aligundua penisilini jijini London mwaka 1928, miaka minne baada ya mazishi ya Calvin, na ilipita zaidi ya miaka kumi mingine kabla ya dawa hiyo kuanza kutumika kwa wagonjwa wengi. Mwishoni mwa mwaka 1936 mtoto mwingine wa Rais wa Marekani, Franklin Delano Roosevelt Jr., aliugua maambukizi makali yaliyoanzia kooni. Yeye alipewa dawa mpya ya jamii ya salfa iliyoitwa Prontosil, akapona. Familia hizo mbili zilitenganishwa na miaka 12 tu.

Sisi leo tunazo dawa, lakini watoto bado wanakufa kwa maambukizi yanayoenea kwenye damu, mara nyingi kwa sababu ya kuchelewa. Mtoto akichubuka, kata kucha zake, safisha jeraha kwa maji safi na sabuni, lifunike, na usilitumbue lengelenge ili likauke haraka. Kisha liangalie kila siku. Ukiona wekundu unasambaa, pamevimba na pana joto, usaha unatoka au mstari unapanda kutoka kwenye jeraha, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama weusi uliozidi au usionekane kabisa, kwa hiyo tumia mkono kupima joto na uvimbe. Mtoto mwenye homa, anayepumua haraka, anayetetemeka, aliyelegea au anayeongea mambo yasiyoeleweka hafai kusubiri hata kupambazuke. Na ule mgawo wa antibayotiki uliobaki kabatini tangu kaka yake aumwe, achana nao.

Turudi Ikulu. Calvin alizikwa Plymouth Notch, kijijini kwa babu yake. Chama cha Democratic kilikuwa kwenye mkutano wake mkuu New York kumtafuta mgombea wa kupambana na Coolidge, na taarifa ya msiba ilipofika, mkutano uliahirishwa. Halafu siasa ikaendelea. Novemba mwaka huo Coolidge alishinda kwa asilimia 54 ya kura, akiwaacha mbali wapinzani wake wawili wakubwa.

Ni ushindi ambao haukumfurahisha. Katika kitabu alichoandika baadaye kuhusu maisha yake, Coolidge alikiri kwamba utukufu wa urais ulikwenda na mwanawe. Aliandika pia kitu ambacho wazazi waliofiwa watakitambua mara moja. Alijilaumu. Kama asingekuwa Rais, alijiambia, kijana asingecheza kwenye kiwanja kile, na lengelenge lisingetoka. Ofisi aliyokuwa anakaa kila siku ndiyo aliyoiona imemchukulia mtoto. Na viwanja vya tenisi vilikuwa palepale, vikionekana dirishani.

Mwanazuoni wa siasa Robert E. Gilbert, katika kitabu chake cha mwaka 2003, alikwenda mbali zaidi na kusema Coolidge aliugua sonona, na kwamba urais wake ulibadilika tangu Julai 1924. Anaonyesha kiongozi ambaye kabla ya msiba alikuwa anafuatilia mambo kwa bidii, na baada yake akawaachia wengine, akajitenga na Bunge, akawa mwepesi wa kukasirika kwa mambo madogo. Alilalamikia tumbo. Alilala sana, inasemekana hata jumla ya saa 11 kwa siku.

Si wanahistoria wote wanaokubaliana na Gilbert. Coolidge alikuwa mkimya tangu utotoni, hadi akabandikwa jina la Cal Mkimya, na usingizi aliupenda hata kabla ya msiba. Kumpima ugonjwa wa akili mtu aliyekwisha kufa ni kazi ya kuangaliwa kwa tahadhari, kwa sababu hayupo kujibu maswali. Wengine wanasema aliondoka kwa msimamo wa kisiasa. Kipindi alichomalizia cha Harding na muhula wake mwenyewe vingemfikisha karibu miaka sita, na kama angeongeza mingine minne angekaa muda mrefu kuliko Rais yeyote kabla yake. Yeye mwenyewe aliandika kwamba muda huo ungekuwa mrefu mno. Hiyo inaaminika. Lakini mtu anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuwaambia watu na nyingine nzito anayobaki nayo, na zote zikawa za kweli.

Anachoeleza Gilbert kinafanana sana na kile ambacho watoa huduma za afya ya akili wanakizungumzia kuhusu wanaume. Sonona kwa mwanamume haiji kila mara na machozi. Inaweza kuja kama ukali, kufoka kwa sababu ya chumvi kuzidi kwenye mboga. Inaweza kuja kama tumbo au mgongo usioonekana tatizo kwenye vipimo, kulala kupita kiasi au kukosa usingizi, kuongeza kinywaji, kukaa nje hadi usiku, au kufanya kazi kwa mazoea bila kujali matokeo. Kwa nje baba anaonekana yuko imara. Anakwenda kazini, analipa ada. Ndugu wanamsifu kwa kujikaza. Mwenye nyumba mwenyewe anajua tu kwamba kile kilichokuwa kinamwamsha asubuhi hakipo tena, na hana neno la kukielezea.

Coolidge alikuwa amefundishwa kujikaza mapema. Mama yake alifariki akiwa na miaka 12. Dada yake wa pekee, Abigail, alifariki miaka mitano baadaye akiwa bado binti mdogo. Machi 1926 baba yake naye, yule mzee aliyemwapisha usiku, alifariki kijijini. Rais alikuwa njiani kwa treni na hakumwahi akiwa hai. Vifo vinne katika maisha ya mtu, ukihesabu na cha mwanawe, kila kimoja kikamkuta mtu yuleyule asiyezungumza.

Ukimya huo haukumaanisha kwamba moyo umekauka. Mlinzi wake, Edmund Starling, alisimulia baadaye kwamba asubuhi moja alimkuta mtoto wa kiume amesimama kwenye uzio wa Ikulu, akitaka kumwambia Rais kuwa anasikitika kwa kifo cha kijana wake. Starling alimpeleka. Rais alishindwa kujizuia. Baadaye alimwagiza mlinzi kwamba mtoto yeyote wa kiume atakayetaka kumwona aingizwe, asirudishwe na asisubirishwe.

Na John, aliyekuwa upande wa pili wa wavu siku ile ya tenisi? Alikuwa na miaka 17 alipompoteza mdogo wake. Simulizi nyingi za msiba huu zinampita haraka, jambo ambalo kwa kweli hutokea hata misibani kwetu. Watu wanawapa pole wazazi na kuwasahau ndugu wa marehemu. Baba yake akawa mkali zaidi kwake, akimwandikia barua za kumkumbusha masomo na nidhamu. Mwaka 1926 alimtuma Starling akaishi karibu na kijana huyo chuoni Amherst. Ukiangalia kwa jicho la kijana ni kuchungwa. Ukiangalia kwa jicho la mzazi aliyekwisha kupoteza mmoja, ni woga.

Grace alishughulikia huzuni yake kwa njia nyingine. Kabla ya kuolewa alikuwa mwalimu wa watoto viziwi, mtu wa watu, mcheshi. Aliendelea kupokea wageni, na mwaka 1929 alichapisha katika jarida shairi alilomtungia mwanawe. Alipata maneno. Mumewe hakuyapata, au hakuyatoa. Wote wawili walikuwa wanaomboleza mtoto mmoja ndani ya nyumba moja, na mmoja wao alikuwa amefikia uamuzi wa kuacha kila kitu bila mwenzake kujua.

Baadhi ya watu wa zama zile walilichukulia tukio la South Dakota kama kichekesho, ndivyo Cal Mkimya alivyo. Grace naye alilipokea kwa namna hiyo, akisema ni kawaida ya mumewe. Huenda ndivyo ndoa yao ilivyodumu, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Hata hivyo ni vigumu kusoma kisa hiki leo bila kufikiria miezi iliyotangulia tangazo, na idadi ya jioni ambazo wawili hao walikaa meza moja.

Kwa mke mwenye mume wa aina hii, wataalamu hawashauri kumkalisha na kumhoji. Wanaume wengi hufunguka wakiwa na kitu mikononi au wakiwa safarini, pasipo kutazamana uso kwa uso. Kumtaja marehemu kwa jina husaidia zaidi ya kumkwepa. Swali dogo kama “unamkumbuka sana wiki hii?” linafungua mlango kuliko “una nini wewe?” Na kama hali inaendelea kwa zaidi ya wiki mbili, hamu ya kazi na ya watu imekwisha, au amewahi kutamka kwamba afadhali afe, hilo ni la hospitali. Huduma ya afya ya akili ipo katika hospitali za rufaa za mikoa, na daktari wa kawaida anaweza kumwandikia barua ya kwenda huko. Akitamka kutaka kujiua, asiachwe peke yake.

Herbert Hoover alishinda uchaguzi wa 1928, na Machi 4, 1929 akina Coolidge walifunga mizigo wakarudi Northampton, jimbo la Massachusetts, kwenye nusu ya nyumba ya kupanga waliyokuwa wakiishi kabla ya ukubwa. Rais mstaafu alikaa barazani akivuta sigara. Watu walikuwa wengi barabarani, wakipunguza mwendo wa magari ili wamwone, hadi wakalazimika kutafuta nyumba nyingine yenye uzio na uwanja mkubwa.

Januari 5, 1933 Grace alirudi nyumbani kutoka madukani akamkuta mumewe ameanguka chumbani. Mshipa wa damu wa moyo ulikuwa umeziba. Alikuwa na miaka 60. Kama angegombea na kushinda mwaka 1928, angekuwa bado Ikulu siku hiyo, akibakiza miezi miwili kumaliza muhula. Alizikwa Plymouth Notch, kwenye kaburi lenye jiwe la kawaida lisilo na mapambo, karibu na la mwanawe.